Aya: maana yake nje ya kitabu

Mtoto wa Tanga hukutana na neno aya mara mbili kwa siku moja. Asubuhi shuleni, mwalimu wa Kiswahili anamtaka aandike insha ya aya nne. Alasiri chuoni, juzuu ikiwa mapajani, maalimu anamrudisha kwenye aya ileile mpaka itoke bila kukwama. Basi anakua akijua kwamba aya ni kipande cha maandishi: ama fungu la sentensi katika insha, ama maneno yanayoishia kwenye kile kiduara chenye namba ndani ya msahafu. Kamusi zinamuunga mkono, na wala hakukosea.

Ila kuna maana ya tatu, nayo ndiyo mama wa hizo mbili. Kwa Kiarabu, lugha tulikolitoa neno hili, aya ni alama: kitu kinachoonekana kinachompa mtu habari ya kisichoonekana. Ukiona moshi nyuma ya minazi hukuuona moto, lakini umeshajua upo. Kurani inalitumia neno hilo kwa maneno yake yenyewe, na inalitumia vilevile kwa mvua, kwa nyuki, kwa usiku na mchana, kwa tofauti za lugha na rangi za watu. Katika Surat Ar-Rum, kuanzia aya ya 20 hadi ya 25, kila aya inafunguliwa kwa maneno yaleyale, kwamba miongoni mwa aya zake Mungu ni hiki na hiki. Msomaji wa Kiarabu anasikia neno moja likitumiwa kwa kitabu na kwa ulimwengu.

Sisi hatusikii hivyo. Wafasiri wetu walipofika penye mvua na nyuki waliandika "ishara", na penye maneno ya kitabu wakaacha "aya". Siwalaumu, kwa kuwa "aya" ilikuwa imeshazoeleka kuwa maandishi, na mtu angeshangaa kuambiwa nyuki ni aya. Lakini uzi ulikatikia hapo. Mzungumzaji wa Kiswahili anaweza kuhitimu juzuu zote 30 asijue kwamba mkoko ulio nyuma ya nyumba yao nao unaitwa kwa jina hilohilo.

Kwa hiyo, tukitaka kulieleza kwa lugha nyepesi: aya, nje ya kitabu, ni kitu cha asili kinachosomwa. Neno la kushika hapo ni kusomwa. Kutazama tu hakutoshi, kama vile kutazama msahafu uliofunguliwa si kuusoma. Wazo lenyewe si la Waislamu peke yao. Wakristo wa milimani Usambara wanaimba Zaburi ya 19, ambayo inasema mbingu zinauhubiri utukufu wa Mungu, na kuhubiri ni kazi ya maneno.

Sasa herufi zenyewe ni zipi? Hapa ningekupeleka Mwambani, ufukoni mwa Tanga, kabla sijakupeleka kwa msomi yeyote. Muulize mvuvi leo ni tarehe ngapi, naye atakuuliza: ya mwezi upi, wa juu au wa ukutani? Kwake mwezi mwandamo si wa kufunga na kufungua tu. Mwezi ukiandama, na tena ukipevuka, jua na mwezi huyavuta maji ya bahari kwa mstari mmoja, na siku moja mbili baadaye linaingia bamvua. Maji hujaa mpaka kwenye mizizi ya mivinje, kisha hupwa hadi miamba ya mbali ibaki wazi; kati ya kujaa na kupwa, kina hupishana kwa zaidi ya mita 3. Siku hizo kwetu maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na kupwa mnamo saa nne. Ndiyo sababu akina mama wanaotafuta pweza na chaza utawaona wameinama huko mbali saa nne za asubuhi, wala hutawaona juma linalofuata. Juma hilo mwezi ni nusu, unavuta upande wake na jua linavuta upande wake, na bahari inakuwa ya maji mafu. Mama aliyeshika kijiti na kikapu hana haja ya jedwali la bandari. Amelisoma angani usiku wa jana.

Wakulima nao wana ukurasa wao. Lile kundi dogo la nyota linaloitwa Kilimia, jina lililotoka katika kulima, hupotea upande wa magharibi mnamo Mei na kurudi alfajiri upande wa mashariki mnamo Juni. Wazee wakasema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hiyo ni sarufi kamili. Ina sharti, ina tokeo, na imefungwa kwa mizani ili isisahaulike. Naona tunakosea tunapoitia kwenye vitabu vya methali na kuifanya iwe ya kupigiwa mstari tu, ilhali ilikuwa kalenda ya watu wenye jembe mkononi.

Uzuri una sehemu gani katika haya? Mimi nauona kama kile kiduara mwishoni mwa aya: mahali pa kusimama. Mtu anayepita Raskazoni jioni, akaona bahari imegeuka rangi ya shaba na mashua zimetulia, husimama hata kama ana haraka. Wengi wetu huishia hapo, tukatoa simu, tukapiga picha, tukaenda zetu. Si vibaya. Ni mtu aliyesifu hati ya mwandiko mzuri akaiacha barua bila kuisoma.

Kuna ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu huko Usambara. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, Hermann Wendland, alilitangaza kwa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya ofisa wa kikoloni Walter von Saint Paul-Illaire aliyelipeleka Ulaya. Tangu hapo limejaa kwenye vyungu vya madirishani duniani kote. Wanaolimwagilia huko London wanajua jina la ofisa, na pengine hawajapata kuusikia mlima. Ndivyo aya inavyoweza kupigwa sahihi ya mtu mwingine.

Kumbukumbu ni habari nzito zaidi, na kwa hiyo inafaa twende Tongoni, kilomita chache kusini mwa jiji la Tanga kwa njia ya Pangani. Pale kuna gofu la msikiti na makaburi ya kale zaidi ya 40, mengine ya nguzo, nguzo nyingi zikiwa zimeanguka. Watalii huonyeshwa "jiwe". Lakini lile si jiwe la kawaida, ni tumbawe. Waliojenga walikata matumbawe baharini, wakachonga, wakachoma mengine kupata chokaa ya kuyashikanisha. Maana yake kibla cha Tongoni, pale anaposimama imamu, kilijengwa kwa viumbe wa bahari waliokuwa hai. Ukisogeza jicho karibu na ukuta utaona vile vijitundu vyenye umbo la nyota walimoishi vidudu hivyo. Nilikuwa mtu mzima nilipoviona kwa mara ya kwanza, na siku hiyo nilielewa kwamba ukuta unaweza kukumbuka mambo mawili kwa pamoja: watu waliosali, na bahari waliyoikata ili wapate pa kusalia. Baharini mbele ya hapo, Januari 1499, Vasco da Gama aliichoma moto mojawapo ya meli zake, São Rafael, kwa sababu mabaharia wake walikuwa wamekufa wengi mno, waliobaki hawakutosha kuziendesha zote. Bahari haikuweka alama yoyote juu ya tukio hilo. Si kila kilichotokea huandikwa, na msomaji mzuri huliona na pengo pia.

Majina ya mitaa nayo ni maandishi ya namna hii. Pale jijini kuna Mikanjuni. Mkanju ni mkorosho, na yeyote aliyepaita hivyo alikuwa anaelekeza kwa kile alichokiona. Mti unaweza kukatwa wote, jina likabaki likishuhudia. Na kuna kumbukumbu ya ndani zaidi, ile ya kitovu. Wengi wa umri wangu pwani, kitovu kilizikwa kwenye shina la mnazi, na mnazi ukawa wa mtoto. Anayesema "kitovu changu kiko Tanga" hatii chumvi, anakujulisha anuani.

Hapa ndipo dhana hii inapokuwa na ncha kali, na ni lazima tuiguse. Upande wa kaskazini mwa jiji, barabara ya kwenda Mombasa, kuna mapango ya Amboni, mapango ya mawe ya chokaa yaliyochongwa na maji kwa muda mrefu usiohesabika kwa umri wa mwanadamu. Ndani yake watu wamekuwa wakiacha sadaka na kuomba uzazi, afya, riziki. Mahali pa namna hiyo tunapaita mzimu. Mzimu na aya vyote vinamfanya mtu asimame mbele ya kitu cha asili na moyo kumdunda. Tofauti iko kwenye upande anaotazama. Aya ni kidole kinachoonyesha, na anayeisoma hupeleka macho mbele ya kidole. Mzimu unayashika macho palepale, na ombi linaishia kwenye mwamba. Masheikh wamekemea hilo kwa karne nyingi, na kwa hoja ya imani yao wana sababu.

Ila niseme na upande wa pili, hata kama utanikosesha marafiki msikitini. Kule Handeni, Wazigua wana misitu ya matambiko ambayo haikukatwa kwa sababu watu waliiogopa. Waliokuwa wakimwogopa mzimu waliuacha mti. Sisi tunaosema mti ni aya ya Mungu tumeukata, tukachoma mkaa, tukauza gunia kando ya barabara, kisha tukaingia kuswali. Sijui kama kuna mtu angechana ukurasa wa msahafu kwa wepesi huo.

Na zipo aya ambazo zimo majini mwetu na hatukuwa na herufi zake. Silikanti, samaki mkubwa wa magamba magumu na mapezi yenye nyama kama viguu, alidhaniwa na wataalamu kuwa alitoweka duniani pamoja na madubwana ya kale, yapata miaka milioni 65 iliyopita, mpaka mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga walianza kuwapata kwenye majarife yaliyotegwa kina kirefu. Mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake, kuanzia upande wa Pangani hadi kaskazini ya jiji. Kwa mvuvi alikuwa samaki mwenye mafuta mengi asiyelika vizuri. Kwa profesa alikuwa barua iliyochelewa kufika. Samaki ni yuleyule.

Bibi yangu hakusoma shule, na msahafu aliujua kwa masikio. Msimu wa vuli, radi ya kwanza ikipiga upande wa milimani, alikuwa anainuka haraka kuliko umri wake. Kwanza alichukua kanga akafunika kioo cha kabati, kama wazee wote wa mtaa, na kutukataza kusimama mlangoni. Kisha, hata kabla kanga haijakaa sawa, alituma ndoo zote zipangwe chini ya michirizi ya bati, na sufuria, na beseni la kufulia. Tulicheka: anaogopa au anafurahi? Miaka mingi baadaye nikafika kwenye Ar-Rum aya ya 24, inayosema kwamba katika ishara zake ni kuwaonyesha umeme kwa khofu na tamaa. Tamaa hapo si uroho, ni ile tunayoizungumzia tunaposema mtu asikate tamaa. Nikaona mkono mmoja ukifunga kanga kwenye kioo, na mwingine ukisukuma ndoo nje.