Samaki mzima si samaki wote

Juzi jioni, kijana mmoja anayechoma samaki Kibirizi alinisimulia kisa chake huku akipepea mkaa. Mgeni alisimama mbele ya jiko lake, akanyoosha kidole na kusema, "The whole fish, please." Kijana akaona riziki imefika. Akafunga migebuka wote sita. Kumbe mwenzake alitaka mmoja tu, ila asikatwekatwe, kichwa na mkia viwepo.

Nafundisha Kiingereza hapa Kigoma, na kosa hilo nalijua lilikotoka. Tumekaririshwa kwamba "whole" ni "-ote". Sasa "-ote" yetu inabeba mizigo miwili: nyumba yote, nyumba zote. Kinachotuambia kama ni moja au nyingi ni ile "yo" na "zo". Kiingereza hakina kitu hicho, kwa hiyo kazi kimezigawa: nyumba yote ni "the whole house", nyumba zote ni "all the houses". Mimi darasani huwaambia, ukikutana na "whole" jaribu kwanza "-zima". Samaki mzima. Siku nzima. Mkungu mzima.

Na maneno haya mawili yanafanana kuliko tunavyodhani. Katika Kiingereza cha kale neno hilo lilikuwa "hal", na lilimaanisha pia mwenye afya. Ni ukoo mmoja na "heal", kuponya. Sisi nasi tukikutana sokoni Mwanga tunaulizana, "Mzima wewe?" Ile "w" ya mwanzo ilipachikwa kwenye karne ya 15, na leo haitamkwi: "whole" husikika sawasawa na "hole", shimo. Wanafunzi wakisoma "woli" siwacheki. Kiswahili kimewazoesha kwamba herufi ikiandikwa, inasomwa.

Wanapokwama zaidi ni kwenye mpangilio. "The" na "my" hutangulia "whole", lakini hufuata "all": "my whole life", "all my life". Hakuna "the all day". Ni "the whole day", au "all day" basi. Mahali nako kuna mtego wake, maana husemi "the whole Kigoma" bali "the whole of Kigoma". Mchele haukubali "whole" kwa maana ya wote, sema "all the rice"; ila gunia la mchele, kwa kuwa lina mwanzo na mwisho, linakubali: "the whole sack".

Ninachokipenda mimi ni "whole" ikikaa na wingi. "All the villages" ni vijiji vyote, hakikubaki hata kimoja. "Whole villages" ni vijiji vizima vizima: vingine vimesalimika, lakini vilivyokumbwa vimekumbwa kutoka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho.

Kijana alinisikiliza, akageuza mgebuka wake.

"Kwa hiyo Mwalimu, akisema tena hivyo nimpe mmoja?"

"Mmoja. Na kichwa chake."