Stenti ya moyo inapoziba tena: maswali kuhusu puto na mionzi

Stenti iliwekwa ili mshipa ubaki wazi. Inakuwaje unaziba tena?

Stenti, yaani kimrija cha wavu wa chuma, inapopanuliwa ndani ya ateri ya moyo huujeruhi ukuta wake, na mwili huanza kuliponya jeraha hilo. Kwa baadhi ya wagonjwa uponyaji huo hupita kiasi: seli za misuli laini ya ukuta huongezeka, hupenya katika matundu ya wavu na kujenga tishu inayofanana na kovu, mpaka njia ya damu inakuwa nyembamba. Kwa stenti za chuma kitupu hali hii hujitokeza zaidi katika mwaka wa kwanza, na mgonjwa huanza tena kubanwa na kifua anapotembea au kupanda ngazi. Tiba mojawapo ni kuufungua mshipa kwa puto dogo, kisha kuupa mionzi kutoka ndani.

Kwa nini puto peke yake lisitoshe?

Linatosha kuufungua mshipa siku hiyo. Daktari hupitisha katheta, yaani mrija mwembamba, kutoka kwenye ateri ya mkono au ya kinena hadi moyoni, hulijaza puto ndani ya stenti, na tishu iliyozidi husukumwa pembeni. Lakini kulijaza puto ni kuujeruhi mshipa upya, na jeraha jipya huziamsha seli zilezile.

Mionzi basi hufanya kazi gani?

Wengi hudhani kwamba mionzi huchoma kizuizi, jambo ambalo si kweli. Kufungua ni kazi ya puto. Mionzi huharibu vinasaba vya seli zilizo mbioni kujigawa, ili zisiendelee kuongezeka. Chanzo cha mionzi hupitishwa ndani ya katheta hadi kwenye stenti, hukaa hapo kwa dakika chache, kisha hutolewa, kwa hiyo mgonjwa harudi nyumbani na mionzi mwilini wala si hatari kwa watu wake. Mionzi ya beta, kama ile itolewayo na elementi ya stronti-90, hufika milimita chache tu. Ya gama, kama ile ya iridi-192, hupenya mbali zaidi, ndiyo maana wahudumu hutoka chumbani wakati wa tiba.

Mbona siku hizi haitajwi sana?

Kwa sababu ilipata mshindani mapema. Marekani iliidhinisha vifaa vyake mwaka 2000, na kufikia 2003 ilikuwa imeidhinisha stenti inayotoa dawa ya kuzuia seli kuongezeka. Majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba, stenti ya chuma kitupu ikiziba, kuweka stenti ya dawa ndani yake huzuia kuziba upya vizuri kuliko mionzi. Siku hizi yapo pia maputo yaliyopakwa dawa. Hata hivyo, mgonjwa ambaye tayari ana tabaka mbili au tatu za stenti mahali pamoja hana nafasi ya chuma kingine, na hapo mionzi bado ina hoja.

Hatari yake kubwa ni ipi?

Ni damu kuganda ndani ya stenti, hata miezi mingi baada ya tiba. Mionzi haichagui: inapozuia kovu, huchelewesha pia utando laini wa ndani ya mshipa kuota upya na kuufunika ukuta uliojeruhiwa, na sehemu isiyofunikwa huvuta chembe za kugandisha damu. Hatari huzidi stenti mpya ikiwekwa siku ileile ya mionzi, hivyo madaktari hujitahidi kuliepuka jambo hilo. Mshipa unaweza pia kubana kwenye ncha za stenti, pale ambapo puto liligusa lakini mionzi ilifika kidogo. Kwa hiyo chanzo huchaguliwa kiwe kirefu kuliko eneo lililopanuliwa.

Dawa zitumike kwa muda gani?

Aspirini pamoja na klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda, hutumika kwa muda mrefu, mara nyingi mwaka mzima au zaidi, hata kama mgonjwa anajiona mzima. Akitakiwa kung'olewa jino au kufanyiwa upasuaji, asiziache kabla ya kuzungumza na daktari wake wa moyo. Maumivu ya kifua yakija ghafla na yasipotulia kwa kupumzika, aende hospitali saa hiyohiyo.