Polima za visima vya mafuta: si sabuni, na sampuli zina utaratibu wake

Tangu maabara yetu ianze kupokea sampuli za polima (molekuli ndefu kama minyororo) za kusukumia mafuta, maswali ni yaleyale: je, ni sabuni, na je, ni sumu? Polima si sabuni. Haiyaoshi mafuta kwenye mwamba; inayaongezea maji mnato, yaani yanakuwa mazito na kutiririka polepole. Maji matupu yakisukuma mafuta mazito, kama yale ya Marmul kusini mwa Oman, hupenya upesi na kuyaacha nyuma. Yenye polima huenda taratibu na kuyakumba. Kwenye visima vya Daqing, nchini China, kazi hii inafanyika kwa kiwango kikubwa tangu miaka ya 1990.

Marmul ni mpole: joto halifiki nyuzi 50, na chumvi ni kidogo. Kwenye miamba ya chokaa ya Abu Dhabi joto hupita nyuzi 100 na chumvi huzidi ya baharini mara kadhaa. Huko poliakrilamaidi ya kawaida, polima inayotumika sana kwa kazi hii, haidumu. Chumvi huikunja minyororo yake, mnato ukashuka. Joto hugeuza sehemu za minyororo hiyo ziitwazo amaidi kuwa kaboksili, nazo zikikutana na kalsiamu iliyomo kwenye maji hayo hutuama kama mashapo. Kwa hiyo wakemia huunganisha ndani yake molekuli zenye salfonati (sehemu yenye salfa), ambazo huvumilia zaidi joto na kalsiamu. Bei nayo hupanda.

Sasa, tafadhali: msituletee vipimo vilivyofanywa kwa maji ya bomba katika joto la chumbani. Havituambii kitu. Sampuli iwe imefungwa, ina tarehe ya kutengenezwa, namba ya toleo na karatasi ya usalama. Tunaiyeyusha katika maji yenye chumvi ya kisima husika, tunatoa oksijeni (oksijeni pamoja na chuma huikata minyororo hata kama joto ni dogo), tunaziba chupa na kuiweka ovenini kwa miezi. Miezi, si wiki mbili. Isiyo na karatasi ya usalama inarudishwa kwa gharama ya aliyeileta na inapoteza zamu.

Wanaouliza kuhusu sumu: akrilamaidi yenyewe, molekuli ndogo inayounganishwa kutengeneza polima hii, hudhuru neva, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi mikrogramu 0.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Polima ni kitu kingine, ila mabaki ya akrilamaidi ndani yake lazima yatajwe.

Na unga wa polima ukimwagika, fagieni mkavu kwanza. Mkiumwagia maji, sakafu inateleza kama mlenda.