"Tangi la shaba halishiki gamba, fundi"

Hivyo ndivyo nilivyopokelewa kwenye nyumba ya wageni moja pale Mikindani, mama mwenye nyumba akilalamika luku inaisha mbio. Nikakata umeme, nikafunga maji, nikachomoa koili ya hita ya maji. Imevaa gamba jeupe nene kama kidole, lina vinundu kama tumbawe. Mama akanyamaza.

Shaba haili kutu kama chuma, na hapo ndipo watu wanapochanganya mambo. Gamba halitoki kwenye tangi, linatoka kwenye maji. Maji ya visima vingi vya pwani hii yanapita kwenye mawe ya chokaa, jamaa ya yale yaliyochomwa zamani kupata chokaa ya kujengea Kilwa Kisiwani. Yanakuja na kalsiamu iliyoyeyuka, huioni. Yakipata moto, hewa ya ukaa inatoka na kalsiamu inaganda kuwa jiwe, hasa juu ya koili.

Wengine husema, "Ni chumvi ya bahari hiyo." Hapana. Chumvi inabaki imeyeyuka. Kazi yake ni kula vyuma. Maji magumu, yaani yenye kalsiamu nyingi, yanaweza yasiwe na ladha ya chumvi kabisa. Yapime kwa sabuni ya mche: yanakataa povu.

Wapo wanaotia shabu kisimani. Shabu inatuliza tope tu, kalsiamu inabaki palepale.

Ila dhana inayonikera ni kwamba gamba linailinda koili. Kwenye bomba, utando mwembamba unaweza kweli kupunguza kuliwa kwa chuma. Kwenye koili ni blanketi: joto linakwama ndani, koili inajichoma yenyewe. Ule mngurumo mnaousikia usiku, kama sufuria ya ugali inayotokota, ni mapovu ya mvuke yaliyonaswa chini ya gamba. Si presha ya maji.

Kuling'oa kwa bisibisi? Shaba ni laini, tangi la zamani utalitoboa. Maji ya betri, ile asidi, nayo ni balaa: yanageuza chokaa kuwa jasi, ambayo haiyeyuki kirahisi, mbali ya kukuunguza mikono. Mimi niliiloweka koili kwenye siki, ikachemka povu, nikamwaga, nikatia nyingine, kisha nikaisuuza sana.

Themostati, kile kidhibiti joto, niliikuta kwenye nyuzi 80. Nikaishusha hadi 60, maana kadiri maji yanavyozidi moto ndivyo gamba linavyokua haraka. Mama akataka tuifikishe 40, abane umeme. Nikamkatalia: maji ya uvuguvugu yaliyolala tangini ni shamba la bakteria.