Siku ya uhakiki wa ardhi, usiandikwe "Mama Neema"

Kwenye vijiji vingi vya Tanzania mwanamke ndiye anayepanda, kupalilia na kuvuna, ilhali shamba linatambulika kwa jina la mume au ukoo. Mume akifariki, shamba huondoka na chakula cha msimu ujao. Ndiyo maana Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, inapozungumzia usalama wa chakula katika ibara ya 15 inataja pia ardhi, maji safi na nishati ya kupikia.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi. Kikwazo kikubwa kiko kwenye mirathi. Kanuni za urithi wa kimila zilizoandikwa mwaka 1963 zinasema mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Ndugu wa mume hushikilia kanuni hiyo.

Kwa hiyo kazi ifanyike mapema, wakati wa kuandaa hati ya hakimiliki ya kimila, yaani hati ya kumiliki ardhi ya kijiji. Kamati ya uhakiki, inayothibitisha mipaka na wenye shamba, inapopita shambani, mke awepo, pamoja na majirani wa mipaka yote. Mara nyingi yuko kisimani au kliniki, na fomu inajazwa jina moja tu. Au anaandikwa "Mama Neema", jina lisilo kwenye kitambulisho chochote. Siku ya mgogoro, Mama Neema huyo hawezi kuthibitisha kuwa ni yeye. Majina yafanane na ya kitambulisho, herufi kwa herufi.

Uliza pia aina ya umiliki. Wanandoa wakiandikishwa umiliki wa pamoja, mmoja akifariki, haki yake inabaki kwa aliye hai. Wakiandikishwa kwa hisa, sehemu ya marehemu inaingia kwenye mirathi. Tofauti hii watu wengi hawaelezwi, nasi tunaiona kubwa kuliko hati yenyewe. Kwenye ndoa ya wake wengi, ni salama zaidi kila mke aandikishe shamba analolilima kwa jina lake. Orodha ya waliohakikiwa ikibandikwa ofisi ya kijiji, nenda ukaisome kabla hati haijachapwa.

Mgogoro ukitokea, anza Baraza la Ardhi la Kijiji: wajumbe 7, wanawake 3. Baraza la Kata, tangu 2021, linasuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila mwafaka, peleka shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.