Arosto ya sigara si ugonjwa, usiitibu kwa sigara

Mimi ni tabibu wa kliniki ya kifua. Wavutaji wengi wanaokuja kwangu wameshawahi kuacha sigara. Waliacha Jumatatu, Alhamisi wakarudi. Ukiwauliza kilichowarudisha, jibu ni lile lile: "Nilipoacha ndipo nikaanza kuumwa, mwili ukakataa." Haya ndiyo maswali yao. Nayajibu kwa maandishi kwa sababu kwa mdomo nimeyarudia mpaka basi.

Arosto ya sigara ni nini hasa?

Ni mwili kudai nikotini, kile kilevi cha tumbaku ulichouzoesha. Ukivuta pafu moja, nikotini inafika ubongoni ndani ya sekunde kama 10, na baada ya saa mbili hivi nusu yake imeshaondoka kwenye damu. Ndiyo maana mvutaji hakai muda mrefu kabla ya kuanza kupapasa mfuko. Arosto huanza saa chache baada ya sigara ya mwisho, hufika kileleni siku ya pili na ya tatu, kisha huteremka. Kwa wengi, wiki tatu hadi nne imekwisha. Utapata hasira za karibu, wasiwasi, kichwa kuuma, usingizi wa kushtukashtuka, njaa isiyoisha na choo kigumu. Haipendezi, lakini inapita.

Dokta, nimevuta miaka ishirini, mwili umeshazoea. Nikiacha ghafla si nitakufa?

Hapana. Arosto ya nikotini haiui. Anayekunywa pombe nyingi kila siku akikata ghafla anaweza kupata degedege, na huyo namwambia aje hospitali kwanza. Sigara haiko hivyo. Unaweza kuacha leo, sasa hivi, ukiwa umekaa hapo hapo.

Kama hujaniamini, jibu hili: Ramadhani unashindaje? Unakula daku, unafunga, unakaa saa kumi na tatu bila hata pafu moja, unafanya kazi, unaendesha bodaboda, na hufi. Ikifika magharibi unaiwasha kabla hata tende haijashuka. Sasa mwili uliokataa uko wapi?

Mbona jirani yetu mzee aliacha, na mwezi haukuisha akafariki?

Hili naulizwa na watu wazima kabisa. Ndugu yangu, muulize mjane wake yule mzee aliacha kwa nini. Utasikia alikuwa hapandi ngazi bila kuhema, au alikohoa damu, au daktari alikuwa ameshamwambia habari mbaya. Aliacha kwa sababu alikuwa anaumwa. Kilichomchukua ni ule ugonjwa, ambao sigara ilikuwa imeulisha miaka yote. Kuacha sigara hakukumuua, na wewe hakutakuua. Anayeacha mapema ndiye anayefaidi: ndani ya mwaka mmoja hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo inashuka kama nusu, na ikifika miaka 10 hatari ya saratani ya mapafu ni kama nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta.

Lakini kikohozi kilizidi nilipoacha. Nikavuta moja tu, kikatulia. Huoni kwamba ilikuwa dawa?

Hapa ndipo watu wanapotupotea, kwa hiyo soma taratibu.

Ndani ya njia ya hewa kuna vinyweleo vidogo sana vinavyofagia uchafu na makohozi kuelekea kooni. Moshi huvipooza. Ukiacha kuvuta vinaamka na kuanza kufagia, nawe unakohoa na kutoa makohozi. Ukivuta tena unavipooza upya. Kikohozi kimenyamaza, ila uchafu umebaki kifuani. Hiyo si dawa.

Sasa upande wa pili, ambao ni mbaya zaidi. Kuna mtu anakohoa wiki ya tano na kila akiulizwa anasema "ni kikohozi cha sigara, nakijua." Hukijui. Mvutaji yuko kwenye hatari ya kupata kifua kikuu zaidi ya mara mbili ya asiyevuta. Kikohozi cha wiki mbili, uwe unavuta au umeacha, ni cha kupimwa makohozi. Kipimo ni bure na dawa za kifua kikuu ni bure, Tanzania na Kenya pia. Hata hivyo wanatufikia wamekonda, suruali imefungwa kwa kamba, nyumbani wameshawaambukiza watoto. Nimewahi kumpa mtu kopo la makohozi, nikatoka nje nikamkuta nyuma ya ukuta wa maabara, kopo mkono wa kushoto, sigara mkono wa kulia. Eti anatafuta makohozi yapande.

Wiki mbili. Usitafute jina la kikohozi chako mwenyewe, njoo upimwe.

Nikinywa maziwa si yanasafisha mapafu?

Maziwa yanakwenda tumboni. Hayasafishi mapafu ya mvutaji, ya mchimba madini wala ya fundi rangi. Kunywa kwa afya ya mifupa.

Badala ya kuacha, nipunguze hadi moja kwa siku?

Kupunguza kama njia ya kufika sifuri, kwa tarehe uliyoipanga, sawa. Kupunguza kama mahali pa kukaa, hapana. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la BMJ ulionyesha kwamba anayevuta moja kwa siku anabeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayobeba mvutaji wa ishirini. Na hiyo moja haikai moja. Kununua moja moja kwa Mangi, duka la mtaani, ndiko kunakowadanganya watu kwamba hawavuti sana.

Ugoro, kuberi na shisha navyo usinihamie huko. Vyote ni tumbaku. Saa moja ya shisha inakuingizia moshi mwingi kuliko wa sigara moja kwa mara mia na zaidi, na maji yale yaliyo chini hayauchuji ukawa salama.

Hamu ikinibana, hasa siku tatu za mwanzo, nifanyeje?

Hamu yenyewe ni ya dakika chache, mara nyingi tano hadi kumi. Haipandi bila mwisho: inapanda, inakaa, inashuka, hata usipovuta. Kazi yako ni kuzipitisha hizo dakika. Ondoka ulipo. Kunywa maji, tafuna karoti, muwa au jojo, piga mswaki, tembea mpaka mwisho wa mtaa.

Usiku wa kuamkia siku ya kuacha, toa kila kitu ndani: pakiti, kibiriti cha gesi, kile kisahani cha majivu, na kile kipisi ulichokihifadhi dirishani. Kijiwe chenye wavutaji kikukose wiki mbili tatu, hawatahama. Kahawa ipunguze kama nusu, kwa sababu moshi wa sigara huufanya mwili uichome haraka kafeini, kile kichangamsho cha kahawa. Ukiacha kuvuta huku unakunywa vikombe vile vile, kafeini inajaa, moyo unakwenda mbio, usingizi unaruka, halafu unasema ni arosto.

Ukiteleza ukavuta moja, tupa pakiti na uendelee siku ile ile. Usingoje Jumatatu nyingine.

Na msaada napata wapi?

Anza na mtu mmoja nyumbani au kazini ambaye utamwambia tarehe yako na utampigia ukibanwa. Kisha nenda kituo cha afya ulichozoea na useme waziwazi: "Nataka kuacha sigara." Wengi wanakuja kwa kikohozi na kuondoka bila kutamka neno hilo. Tanzania unaweza kupiga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Kenya kuna 1192 ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, bure pia.

Dawa zipo: jojo za nikotini na viraka vyake vya kubandika kwenye ngozi, pamoja na vidonge vya bupropioni na vareniklini ambavyo Shirika la Afya Duniani liliviingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Si kila duka la dawa linazo, na vidonge havinunuliwi kiholela, mwone daktari kwanza. Kama unatumia dawa za kisukari, za magonjwa ya akili au aminofilini ya pumu, mweleze kwamba unaacha, kwa sababu huenda kipimo cha dawa kikabadilika.

Mume wangu ameacha juzi, ndani hakukaliki. Nimwambie akavute tupumzike?

Hapana, mama. Hiyo ndiyo siku ya tatu, kilele chenyewe, na wake wengi huchoka hapo hapo. Ukimwambia akavute, ataanza upya siku ya kwanza na nyumba itaunguzwa tena na hasira hizi hizi. Mpikie matunda na mboga nyingi, choo kisimkamate. Mwache atoke atembee, ugomvi wa ada ya shule usubiri wiki ijayo.

Lakini akikohoa damu, akibanwa na kifua, maumivu yakapanda mkono au taya, au pumzi ikakata akiwa amekaa tu, hiyo si arosto. Tafuteni gari usiku huo huo.