Masjala siyo adhabu: mnayoyaamini vibaya kuhusu utarajali wa HR serikalini

Wiki iliyopita tena. Dogo kaja na barua yake ya utarajali, yaani mhitimu anayekuja ofisini kupata uzoefu, digrii ya rasilimali watu anayo, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa, nikamwambia utaanzia masjala, kule majalada na barua za ofisi zinakotunzwa, sura ikabadilika palepale. Siku ya tatu mama yake kanipigia simu, eti "afisa shikamoo, samahani, mwanangu kasoma miaka mitatu mbona anapanga mafaili?" Marahaba mama, nikamjibu kwa heshima zote, ila nikikata simu nikasema hili sasa naliandika, maana nimeshalisikia mara nyingi mno na kila mwaka nalijibu upya kama vile sijawahi kulijibu.

Dhana yenyewe ndo hii: masjala siyo HR, ni kazi ya wale wa kumbukumbu, ukipelekwa huko ofisi imekudharau, HR halisi ni kukaa kwenye saili, kuandaa semina na kuongea na mkurugenzi.

Hapana. Hapana kabisa. Hebu chukua jalada binafsi la mtumishi yeyote wa miaka ishirini kazini ulisome kuanzia folio ya kwanza, yaani karatasi ya kwanza yenye namba. Utakuta barua ya ajira, vyeti, barua ya kuthibitishwa baada ya miezi 12 ya majaribio, kupanda daraja, likizo, uhamisho, labda onyo la maandishi la mwaka fulani alipogombana na mkuu wa shule, likizo ya uzazi siku 84, kubadilishwa kada baada ya kujiendeleza. Hayo yote uliyasoma chuo kama mada, humo ndani ni maisha ya mtu, tena utaona nani alikosea wapi. Dokezo, yaani maelezo ya ndani kwenye jalada, la afisa aliyeandika vizuri unalijua, la aliyeandika ovyo unalijua pia kwa sababu folio tatu mbele kuna barua ya malalamiko.

Nikupe mfano mmoja niliouona mwenyewe kwenye halmashauri moja niliyowahi kufanya kazi, jina silitaji. Mwalimu kafikisha miaka 60, anastaafu kwa lazima, tunaandaa nyaraka za mafao ziende PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, barua ya kuthibitishwa kazini haipo. Mwalimu anaapa alipewa. Tumetafuta wiki mbili, mzee wa watu anakuja kila asubuhi na bahasha yake ya kaki anakaa kwenye benchi. Aliyeipata ni binti wa utarajali, wala hakuwa na akili za ajabu, alikuwa anaweka namba za folio kwenye majalada akaona barua yenye cheki namba (namba ya mtumishi kwenye mishahara) isiyofanana na jalada alilolishika. Ilikuwa imefungwa kwenye jalada la mwalimu mwingine mwenye jina la kwanza na la ukoo kama lake. Mtu mmoja alikosea kufaili miaka mingi iliyopita, mwingine analipia uzeeni. Sasa niambie semina gani ingekufundisha hilo.

Halafu kuna wanaosema hayo ya makaratasi ni ya zamani, siku hizi kuna mifumo. Kweli ipo, e-Ofisi ya majalada ya kielektroniki ipo, mfumo wa taarifa za kiutumishi na mishahara upo, kwenye kupima utendaji wa watumishi PEPMIS imechukua nafasi ya OPRAS, nani anakataa. Ila mfumo unakula unacholishwa. Tarehe ya kuzaliwa ukiingiza tofauti na iliyoko kwenye jalada umemtengenezea mtu balaa la kustaafu, na mfumo wala hautakuuliza kitu. Mnakumbuka 2016 serikali iliposimamisha ajira mpya na kupandisha madaraja kupisha uhakiki wa watumishi, mwaka uliofuata Rais Magufuli akakabidhiwa pale Dodoma orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi? Nyuma ya majina yale kulikuwa na vyeti vilivyopokelewa na maafisa, vikafailiwa, hakuna aliyevitilia shaka. Afisa aliyepita masjala vizuri anashika cheti anakitazama mara mbili. Na watu waliokuwa wasafi nao walikaa bila kupanda madaraja, walipokuja kupanda ndo yakaanza ya malimbikizo na mserereko (kurukishwa hadi daraja ambalo ungekuwa umefikia), na kila dai lilihitaji ushahidi wa barua, barua iko wapi, masjala.

Kwa hiyo ukiletwa kwangu miezi mitatu ya kwanza ni masjala na usinitumie mzazi. Unajifunza jalada la wazi na la siri, unajifunza kupokea barua na kuisajili, dokezo sabili (lile linaloandikwa kwenye karatasi ya peke yake) linaandikwaje, jalada likitoka nani kalichukua. Baada ya hapo nikikuweka kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi ofisi inaowahitaji, na bajeti ya mishahara utaelewa ndani ya wiki, maana kila namba utakuwa unaijua sura yake.

Hayo mengine mnayoyaamini vibaya nayapitia haraka.

"Nikikaa mwaka mzima watanibakiza." Hakuna wa kukubakiza. Mimi sina nafasi mfukoni, wala mkurugenzi hana. Ofisi inaomba kibali cha ajira, kikitoka nafasi zinatangazwa, unaomba kupitia Ajira Portal, tovuti ya maombi ya ajira serikalini, kama wenzako, unafanya mchujo wa kuandika, ukipita unaenda mahojiano. Hata zile nafasi ambazo halmashauri inapewa kibali itangaze yenyewe zina saili zake. Utarajali unakupa uzoefu na majibu ya kwenye usaili, basi. Nimeona vijana wanaacha kuomba nafasi nyingine kwa sababu "bosi ananipenda", bosi akahamishwa, ikawa ndo mwisho wa mapenzi.

"Statement of results inatosha, cheti kitafuata." Soma tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira, wameandika wazi kwamba testimonial, matokeo ya muda na result slip havikubaliki. Kila mwaka mtu analia kwa hili. Kafuate cheti chako, achana na kupiga picha za joho.

"HR ni kazi ya waongeaji." Aisee, mwongeaji ndo wa kwanza kunitia presha. Ukiona salary slip ya mtu umeiona wewe na Mungu wako. Kuna kijana alisimulia kantini nani amepewa barua ya kujieleza, kabla ya saa saba mchana mwenyewe anajua, mke wake anajua, na mimi nimeitwa juu. Nikamrudisha kwao.

"Ni sawa tu na uanagenzi." Siyo sawa, uanagenzi ni wa fani za ufundi, fundi anafundishwa kazi kuanzia mwanzo, utarajali ni wa mhitimu anayekuja kupata uzoefu. Barua nyingi tunazopokea zimechanganya haya mawili na ofisi nyingine zinazirudisha, usipoteze mwezi kwa neno moja. Na fildi uliyofanya ukiwa mwaka wa pili ni kitu cha tatu, usiiite utarajali kwenye CV.

"Nitasoma sheria nikishaajiriwa." Mchujo utakuulizia lini sasa? Sheria ya Utumishi wa Umma Sura 298, Kanuni zake, na Kanuni za Kudumu za 2009, anza leo kipengele kimoja kwa siku. Najua mnaniita Mzee wa Kanuni za Kudumu, sawa tu, ila waliozisoma wameniandikia wakiwa Kigoma na Lindi na cheki namba zao.

Wanaoanza Jumatatu, ni saa 1:30 asubuhi, siyo saa mbili, na uje na peni nyekundu ya namba za folio maana za ofisi huwa zinapotea.